Ukimchora mwigizaji, mwombe tendo ambalo mchezo haukumpa

Turubai la kwanza nililomchorea mwigizaji nililifuta lote baada ya wiki tano. Alikuwa mama mmoja ambaye wengi hapa Dar es Salaam wanamfahamu kwa tamthilia za televisheni, ingawa alianzia jukwaani. Mwanawe ndiye aliyeagiza picha. Kwa kuwa mama alibanwa na ratiba ya kurekodi, nilichukua picha moja kutoka kwenye tamthilia nikainakili. Sura ikafanana kabisa. Kijana alipokuja kuitazama alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Huyu ni wa kwenye tivii. Mama hayumo."

Alisema kweli. Taa za studio humulika uso kutoka pande zote, vivuli vinapotea, na bila kivuli rangi ya mafuta haina cha kushika. Tena picha ile ilikuwa kipande kidogo mno cha wakati, kimekatwa katikati ya neno.

Nikarudi kwenye picha ninayoipenda kuliko zote za aina hii, ile ya mchoraji John Singer Sargent ya mwaka 1889 inayomwonyesha mwigizaji Ellen Terry akiwa Lady Macbeth, mke anayetamani ufalme katika mchezo wa Shakespeare. Iko katika jumba la sanaa la Tate, London, na kimo chake ni sentimita 221. Terry alianza kucheza nafasi hiyo Desemba 1888 katika ukumbi wa Lyceum, amevaa gauni la kijani lililoshonewa mabawa halisi ya mbawakawa ili limetemete chini ya taa. Sargent aliwahi kufikiria kumchora akitoka kumlaki mfalme, tukio lililokuwemo mchezoni. Akaliacha. Alichochora ni mwanamke anayeinua taji kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, tendo ambalo Terry hakulifanya kabisa katika onyesho lile. Tamaa yote ya Lady Macbeth imo katika mikono ile.

Hapo ndipo nilipopata ushauri ninaowapa wachoraji wenzangu. Jukwaa lina saa mbili na tamthilia ina miezi. Wewe una tendo moja tu, kwa hiyo usiliokote. Litafute pamoja na mwigizaji mwenyewe.

Nilimwomba mama aje na vazi la mchezo wa jukwaani anaoupenda. Alikuja na kanga iliyopauka, aliyoivaa akiigiza mjane asiyekaa chini tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia, "Mama, naomba ufanye jambo ambalo huyu mwanamke hakupata nafasi ya kulifanya." Alifikiri kidogo. Akaketi, akaifungua kanga kiunoni, akaikunja polepole mapajani. Nikamwomba abaki hivyo hivyo.

Jueni kwamba mwigizaji hutulia kwenye mkao kuliko mtu yeyote, lakini na uso nao huutuliza, ukawa kinyago. Anza na mikono na nguo huku mkizungumza. Mimi uso sikuugusa hadi siku ya tatu, alipokuwa amechoka kuonekana.

Kwa ngozi nyeusi, weka kando rangi nyeusi na nyeupe. Zikichanganywa zinaleta majivu. Nilitumia kahawia iliyokolea, buluu ya ultramarini na nyekundu nzito, juu ya turubai nililolipaka kwanza rangi ya udongo mwekundu. Mahali mwanga wa dirisha ulipogusa paji la uso niliongeza buluu kidogo, na ngozi ikapata uhai. Tabaka la kwanza liwe jepesi, limelainishwa kwa tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda juu, vinginevyo rangi itapasuka baadaye.

Na mweleze mteja mapema kuhusu muda. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Hukauka kwa kuvuta hewa, na kwa unyevu wetu wa pwani inachukua muda. Vanishi ya mwisho huwa naingojea miezi sita au zaidi, na tabaka likiwa nene naingojea hata mwaka.

Kijana aliposimama mbele ya picha ya pili hakusema neno. Alikwenda karibu akaangalia mikono, kisha akampigia mama yake simu. Picha iko sebuleni kwao sasa, bado haina vanishi. Nimewaahidi nitaipaka Juni.