Kumi mnatosha kuanza

Mdogo wangu, umeuliza kama watu kumi mnaweza kufungua klabu ya Rotary, ile ya watu wanaojitolea kuhudumia jamii, hapo mtaani, na kama ni lazima muwe na fedha. Klabu kamili huhitaji waanzilishi 20. Ila kuna njia ambayo wengi hawaijui: klabu tanzu, iliyo chini ya klabu mama, inaanza na watu 8 tu. Mnakuwa wanachama halali, mnakutana kivyenu, mkikua mnajitegemea.

Habari ya utajiri ni maneno ya kijiweni. Kinachofukuza watu ni ada ya mwaka, na kuna klabu zinaongeza chakula cha hotelini juu yake. Nyie kutaneni darasani Jumamosi, kila mtu na chupa yake ya maji. Tangu 2016 hakuna sharti la kukutana kila wiki. Mara mbili kwa mwezi inatosha. Kama bado mna miaka ishirini na kitu, ulizieni pia Rotaract, klabu za vijana za Rotary, inapokea kuanzia miaka 18.

Nitakalosisitiza ni hela. Mchango wa mradi usichanganywe na hela ya uendeshaji, na usikae kwenye M-Pesa ya mwenyekiti hata awe mtu mwema kiasi gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili, mtunza hazina asome salio kila kikao. Mradi, tuseme kisima, ukichelewa watu watavumilia. Salio lisiposomwa, ndani ya miezi mitatu mmebaki wanne.