Kompyuta Inayokataa Kuwaka Asubuhi

SWALI: Fundi, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua Kisumu ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Tangu mwezi uliopita, nikiiwasha asubuhi, feni huzunguka na taa huwaka, lakini skrini hubaki nyeusi. Nikiizima na kuiwasha mara tatu au nne, huja; ila saa yake huonyesha mwaka 2013, na siku nyingine huandika kwamba haijapata diski, mpaka kijana wa jirani aje kurekebisha mipangilio. Mchana nikiizima na kuiwasha tena haisumbui hata kidogo. Usiku huzima swichi ya ukutani kwa kuogopa radi. Fundi mmoja amenishauri niweke Windows upya, mwingine anasema madabodi imekufa. Alama zote za wanafunzi wangu zimo humo. Nifanye nini? – Mwalimu, Ahero

JIBU: Mwalimu, usiweke Windows upya, wala usinunue madabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, kwa sasa. Kabla ya lolote, subiri mchana mashine ikiwa imewaka vizuri, nakili alama zote kwenye flashi mbili, kisha fungua faili chache kutoka humo uhakikishe kwamba zinasomeka. Kuweka Windows upya bila uangalifu hufuta vilivyomo kwenye diski, na kwako kungefuta kazi ya muhula mzima bila kutibu chochote, kwa sababu skrini ikiwa nyeusi namna hiyo mashine bado haijaifikia Windows. Kompyuta ikipata umeme, programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, yaani baiosi, hukagua kwanza prosesa (ubongo wa mashine), ramu (kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda) na sehemu ya picha. Ukaguzi huo ukipita ndipo hutafuta diski. Yako hukwama mwanzoni kabisa.

Maneno yako kuhusu swichi ya ukutani ndiyo yaliyonifumbulia jambo hili. Soketi ikiwa na umeme, pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, huendelea kupeleka volti 5 kwenye madabodi hata kompyuta ikiwa imezimwa, na umeme huo mdogo ndio unaoitunza saa. Ukizima ukutani, kazi hiyo huachiwa betri bapa kama sarafu, aina ya CR2032, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Yako imechoka. Ndiyo maana mchana saa haipotei, ilhali asubuhi mashine huamka ikidhani ni 2013, na siku nyingine, pamoja na tarehe, husahau diski ipi ianze na isomwe kwa mtindo gani. Hapo hurudia mipangilio ya kiwandani, nayo isipolingana na ile iliyokuwapo Windows ilipowekwa, mashine itadai haina diski ya kuanzia ilhali diski yenyewe ni nzima.

Basi anza na betri. Mchana, ingia kwenye mipangilio ya baiosi kwa kubonyeza F2 au Delete, na kwa mashine nyingine F10, mara tu unapowasha, kisha piga picha ya kila ukurasa kwa simu yako. Baada ya hapo zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili mabaki ya umeme yaishe, gusa chuma kitupu cha kasha, kisha ubadilishe betri ukiangalia ile ya zamani ilikaa upande gani. Rudisha tarehe na mipangilio kwa kufuata picha zako. Tabia yako ya kuzima ukutani usiku usiiache, maana kanda hii ya ziwa hupigwa na radi nyingi na umekuwa ukiipunguzia mashine yako hatari.

Zipo madabodi ambazo betri ikidhoofika huhangaika kuwaka mara mbili tatu, kwa hiyo huenda na ule weusi wa asubuhi ukaisha. Usipoisha baada ya wiki moja, toa ramu, futa meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, na uirudishe mpaka vibanio vijifunge. Unyevu na vumbi huharibu mguso wake.

Baada ya hapo ninayemshuku ni pawasaplai. Ndani yake mna kapasita, vikopo vidogo vya kuhifadhi na kutuliza umeme, zenye majimaji ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto, na kapasita iliyokauka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi. Kwa kawaida, volti zikitulia, pawasaplai huipa madabodi ishara ya kuanza kati ya milisekunde 100 na 500 hivi. Umeme usipotulia, ishara haiji, feni zinazunguka na skrini inabaki nyeusi. Ukijaribu mara tatu au nne kapasita hupata joto, na mashine huwaka. Huniuma sana kuona mtu ameuziwa madabodi kwa ugonjwa wa namna hii.

Usiifungue pawasaplai mwenyewe, kwani hata baada ya kuchomolewa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Mpelekee fundi mwenye mita apime nyaya: ya njano itoe volti 12 na isishuke chini ya 11.4, nyekundu itoe 5 na isishuke chini ya 4.75. Sisitiza kwamba mashine ilale kwake ikiwa imechomolewa, naye aipime asubuhi anapoiwasha mara ya kwanza, maana ukiifikisha mchana ikiwa na joto, volti zitasoma sawasawa na utaambiwa ni nzima. Ikibidi kununua nyingine, beba ile ya zamani mpaka dukani, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai zenye umbo na plagi za peke yake.