Acheni kuhesabu mikanda: majibu ya maswali yenu ya mieleka

Barua za safari hii zimejaa swali moja lililobadilishwa nguo tu: nani angempiga nani. Hilo silijibu, na sababu mtaiona hapa chini. Nimechagua yenye la kujadiliwa, pamoja na machache ninayoyajibu ili yasirudi tena.

Kati ya Hulk Hogan, Undertaker na John Cena, nani bora wa muda wote? (Msomaji, Tandika)

Bora kwa lipi, ndugu yangu? Kwa kuvuta watu, taja Hogan, kwani miaka ya 80 ni yeye aliyeiingiza mieleka ya Marekani kwenye sebule za watu ambao hawakuwahi kuijali. Kwa kudumu, taja Undertaker, aliyeingia Novemba 1990 akaagwa Novemba 2020. Kwa mikanda, taja Cena, aliyechukua ubingwa wa dunia wa 17 Aprili 2025 na kumpita Ric Flair mwenye 16 kwa hesabu rasmi.

Ila mkanda wa mieleka haushindaniwi, unakabidhiwa. Kuna watu ofisini wanaoamua uende kwa nani kabla kengele haijagongwa. Ukimpanga mwanamieleka kwa mikanda, umempima mwigizaji kwa idadi ya mara alizopewa nafasi ya mfalme. Mimi naangalia mambo mawili: alitufanya tuamini? Na mwenzake alirudi nyumbani mzima? Kwa vipimo hivyo, katika hao watatu hakuna anayeingia kwenye tatu bora zangu. Walioingia ni Ricky Steamboat, Bret Hart na Mitsuharu Misawa.

Kama matokeo yanapangwa, mnapanga ubora wa nini sasa? Si ni uongo mtupu? (Msomaji, Tanga)

Dada yangu, wewe ni mtu wa Tanga. Shabiki wa taarab anaujua wimbo neno kwa neno, anajua beti ya mwisho inamchoma nani, na bado anainuka kitini kwenda kutunza. Kujua mwisho hakujamharibia kitu, kwa sababu alichokifuata ni namna mwimbaji anavyomfikisha huko.

Mieleka iko hivyo hivyo. Kinachoigizwa ni ugomvi. Kuanguka ni kwa kweli, maana chini ya turubai ya ulingo kuna mbao na vyuma, na juu yake sponji nyembamba. Ufundi wenyewe umebebwa zaidi na anayepigwa. Yeye ndiye anayekuuzia kipigo: anakumbuka mguu gani umeumizwa dakika ya tano na anaendelea kuuburuta dakika ya ishirini. Mwenye kurusha ngumi huonekana, lakini mwenye kuipokea ndiye anayeifanya iwe ngumi.

Chukua pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat, Machi 29, 1987, kwenye onyesho la WrestleMania III kule Pontiac, Michigan. Miezi michache nyuma, Savage alimponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, na kwa mujibu wa hadithi akalijeruhi koromeo. Siku ya pambano, kila Savage anapougusa upande wa koo, Steamboat anapeleka mkono shingoni hata kabla ya kuanguka. Mtazamaji hahitaji kukumbushwa na mtangazaji, mkono wa Steamboat umeshamkumbusha. Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua mapema, na inaonekana: kwa kama dakika 15 hakuna tendo linalopotea, mabega yanakwenda chini mara baada ya mara na kunyanyuka kabla refa hajahesabu tatu. Mwisho Savage anaileta tena kengele ile ile, anazuiwa, anasukumwa, na Steamboat anamkunja kama mkeka na kumbana mabega.

Siku ile ile ndipo Hogan alimwinua Andre the Giant, yule mwanamieleka jitu. Hiyo ndiyo picha iliyobaki kwenye mabango, na wengi wenu mnaniandikia kwamba Andre hakuwahi kuinuliwa kabla. Si kweli. Hogan mwenyewe alishamwinua mwaka 1980. Na mwaka 1987 alimwinua kwa sababu Andre, mgongo ukiwa umeshaharibika, alikubali kuinuliwa. Mpeni Andre sifa zake.

Undertaker alikufa mara ngapi? Sisi tuliambiwa saba. (Msomaji, Kahama)

Hakufa. Najua uvumi ulikotoka, kwa sababu niliusikia nikiwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi la banda umiza, mbele ya televisheni ya inchi 14, mkanda wa video ukikatika mistari kila dakika kumi. Januari 1994, kwenye Royal Rumble, Yokozuna akisaidiwa na kundi zima alimfungia Undertaker ndani ya jeneza. Ukweli ni kwamba alihitaji likizo ya kutibu mgongo. Agosti mwaka ule ule, kwenye SummerSlam, akaletwa Undertaker wa pili, mwigizaji mwingine aliyevalishwa nguo zile zile, na wa kweli akampiga. Kanda zilitufikia bila mpangilio, ya Agosti kabla ya Januari, na kila mtaa ukajaziliza mapengo kwa hesabu yake. Wengine waliambiwa saba, sisi tuliambiwa tisa.

Kane na Undertaker ni ndugu wa baba mmoja? (Wasomaji wengi)

Hapana. Kane ni Glenn Jacobs, na mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee. Nimelijibu hili mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Kamala, yule jitu wa Uganda, kwao hasa ni wilaya gani? (Msomaji, Mwanza)

Kwao ni Mississippi, Marekani. Alikuwa akiitwa James Harris, alizaliwa mwaka 1950, na jina la Kamala alipewa mwaka 1982 huko Memphis. Waliomtengeneza walimpaka nyota na mwezi kifuani na tumboni, wakamvika ngozi ya chui, kinyago na mkuki, wakampa msimamizi wa kumwongoza kama ng'ombe, wakamkataza kuzungumza. Watazamaji wakaambiwa aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Mtu mzima aliyejua Kiingereza tangu utotoni, kazi yake ikawa kukodoa macho na kujipiga tumbo.

Hili linaniuma kuliko swali lolote lililo mezani. Banda letu lilikuwa na watoto arobaini, na sote tulicheka. Tuliamini ni jirani yetu, Mganda hasa, na tukaona aibu kwa niaba ya Waganda. Hakuna mtu mzima aliyesimama kutuambia kwamba yule ni Mmarekani anayelipwa kutuigiza sisi, na kwamba hakuna mganda wala msukuma wala mngoni anayeingia mjini na mkuki akishindwa kufungua mlango.

Kama mwanamieleka, Harris alikuwa mzuri. Kwa mwili ule alitembea kwa wepesi, kofi lake la kifua lilisikika hadi nje, na alipambana na Hogan, Andre na Undertaker bila kumharibia mtu jina. Novemba 1992 yeye na Undertaker walipambana pambano la jeneza kwenye Survivor Series. Kisukari kilimla miguu yote miwili, mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka uliofuata, na alifariki Agosti 2020. Mkimweka kwenye orodha zenu za wababe wakubwa, muwekeni kwa jina lake.

Na ukishalijua hilo, mchunguze pia Yokozuna. Hakuwa Mjapani. Alikuwa Msamoa wa ukoo wa Anoa'i, mzaliwa wa California.

Kwa nini hujawahi kuliweka pambano la Undertaker na Mankind la 1998 kwenye orodha yako? Hakuna kali kuliko lile! (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu umeona sekunde 20 zake kwenye simu. Ningekuuliza nini kilitokea dakika ya kumi usingejua.

Juni 28, 1998, Pittsburgh, Mick Foley, ndiye Mankind, alitupwa kutoka juu ya kizimba cha karibu mita tano akaangukia meza ya watangazaji. Lile lilikusudiwa. Akapanda tena, na safari ya pili paa la kizimba likafunguka chini yake akadondoka hadi ulingoni, na hilo halikupangwa. Alizimia, na jino lilikutwa limepenya hadi puani. Ulichokishangilia ni ajali. Ninamheshimu Foley kwa ujasiri wake, lakini siwezi kuliita bora pambano ambalo mpigaji mwenyewe alidhani mwenzake amekufa.

Na ninyi wazazi mnaowaachia watoto vipande hivi: mtaani kwetu kijana wa miaka kumi na mmoja alivunjika mfupa wa bega akiruka kutoka ukuta wa uani kuwa Undertaker. Aliyepaswa kumpokea alikwepa. Wanamieleka husomea miaka namna ya kuanguka, na mpokeaji husomea miaka namna ya kupokea.

Pambano bora la miaka ya 90 nchini Marekani? (Msomaji, Dodoma)

Bret Hart na Steve Austin, Machi 23, 1997, WrestleMania 13, karibu na Chicago. Lugha ya banda umiza inalieleza vizuri kuliko ya wataalamu: Hart aliingia akiwa stelingi, Austin akiwa adui, na walipotoka walikuwa wamebadilishana.

Masharti yalikuwa kwamba hakuna kuhesabiwa mabega. Lazima mmoja asalimu amri. Walipigana hadi kwenye ngazi za watazamaji, wakarudi, na Hart akaanza kuushughulikia mguu wa Austin kwa ukatili ambao mashabiki wake hawakuuzoea. Mwisho akamfunga kufuli yake ya miguu, ile Sharpshooter. Kamera ikasogea. Austin amelala kifudifudi, kichwa kimenyanyuka, damu inatoka kipajini inapita puani inaingia katikati ya meno, naye anasukuma mikono chini kujinyanyua. Anakaribia kujinasua. Anarudi chini. Hagongi mkeka, hatamki neno, anazimia. Refa, Ken Shamrock, anamaliza pambano.

Hart ameshinda, lakini anarudi kumpiga mtu aliyezimia, na uwanja unamgeuka pale pale. Austin anazinduka, anakataa kushikwa mkono, anachechemea kutoka peke yake huku watu wakiliimba jina lake. Aliyeshindwa ndiye aliyetawala miaka iliyofuata. Hii ndiyo sababu siwajibu mnaouliza nani angempiga nani.

Mbona wewe kila mara Marekani tu? Japani je? (Msomaji, Muscat)

Umenionea kidogo, Misawa nimemtaja hapo juu, lakini lawama nyingine naipokea. Mtafute Mitsuharu Misawa dhidi ya Toshiaki Kawada, Juni 3, 1994, ukumbi wa Budokan, Tokyo. Walisoma sekondari moja, Misawa akimtangulia Kawada kwa mwaka, na kwa zaidi ya nusu saa unamwona mdogo akimpiga kaka yake mateke ya hasira ya miaka mingi bila kuweza kumpita. Hakuna maneno, hakuna kiti, hakuna mtu wa tatu anayeingilia. Viwiko tu, na nyuso zao.

Ila mtindo ule ulikuwa na gharama. Kila mwaka ilibidi kuangushana kwa shingo zaidi ya mwaka uliotangulia ili watu waendelee kushtuka. Juni 13, 2009, Misawa, umri 46, alianguka vibaya ulingoni Hiroshima, akaumia uti wa shingo na kufariki usiku ule. Ninayaangalia mapambano yake kwa mapenzi, na kila shingo inapogonga chini nafumba macho.

Pambano la saa nzima la Bret Hart na Shawn Michaels, 1996, linastahili sifa zake? (Msomaji, Arusha)

Dakika 20 za mwisho, ndiyo.

Je, ni haki kumfuta Chris Benoit kwenye orodha za ubora? Alikuwa fundi. (Msomaji, Bujumbura)

Alikuwa fundi, sikatai. Juni 2007 alimuua mke wake, akamuua mwanawe wa miaka saba, kisha akajiua. Madaktari walioupima ubongo wake waliukuta umeharibika kwa mitikisiko ya miaka mingi, wakaufananisha na wa mzee wa miaka 85 mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Wapo wanaoutumia uchunguzi huo kumtetea. Mimi naona unaishitaki michezo ya kugonga viti vichwani, na haumrudishi mtoto.

Sisemi kanda zichomwe. Kwenye orodha yangu hayumo, kwa sababu orodha ni heshima, na heshima naitoa kwa hiari yangu. Na kila mkiniandikia "tutenganishe kazi na mtu", someni tena vipimo vyangu viwili hapo juu. Cha pili ni mwenzako kurudi nyumbani mzima.

Basi taja mapambano yako matano bora kwa mpangilio, bila kuzunguka. (Msomaji, Kigoma)

La tano ni Undertaker na Shawn Michaels, Houston, Aprili 2009, na ningelipandisha kama Undertaker asingeruka nje ya kamba akatua kichwa chini kwa sababu mpokeaji hakumfikia sawasawa. La nne ni Savage na Steamboat, la tatu Hart na Austin, la pili Misawa na Kawada.

La kwanza, mzee wangu, ni Ric Flair na Ricky Steamboat, Aprili 2, 1989, New Orleans, mshindi ni wa raundi mbili kati ya tatu, karibu saa nzima. Siku ile ile Hogan na Savage walikuwa WrestleMania V, kwa hiyo wengi hawakuangalia huku, na Superdome ilikuwa na viti vitupu tele. Flair alipiga makofi ya kifua hadi ngozi ya Steamboat ikawa nyekundu. Steamboat akamrudishia kwa kuushughulikia mgongo na mikono, taratibu, hadi mdomo wa Flair, uliokuwa haufungi kwa majigambo, ukabaki wazi kwa kutafuta hewa. Ushindi wa Steamboat ulikuja mguu wa Flair ukiwa chini ya kamba bila refa kuuona, na Mei 7 wakarudiana Nashville. Litafute zima. Ukiletewa la dakika tano, rudisha.