Ushauri kwa wanaoanza kusanifu na kutengeneza viunganishi vya umeme

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni na kuingia katika karakana za Arusha na Moshi zinazotengeneza terminali, soketi, lagi za kebo (vichwa vya metali vinavyobanwa mwishoni mwa waya) na vipuri vya plagi, mara nyingi mnafika mkiamini kwamba kiunganishi ni umbo. Mchoro ukiwa sahihi, pini ikiingia na ikikaa, mnahesabu kazi imekwisha. Miaka niliyofanya kazi hii imenifundisha kuanza mahali pengine kabisa, yaani kwenye kani inayobana metali moja juu ya nyingine, na kwenye swali la iwapo kani hiyo itakuwepo bado baada ya miaka kumi ya joto, vumbi na mtikisiko. Karibu kila uamuzi mtakaoufanya, kuanzia kuchagua utepe wa metali hadi kuchagua plastiki ya ganda, unajibu swali hilo kwa namna moja au nyingine.

Sababu yake ni ya kifizikia. Uso wa metali unaoonekana laini kwa macho umejaa vilele na mabonde, hivyo nyuso mbili zinapokutana hugusana kwenye vilele vichache tu, na mkondo wote wa umeme hulazimika kupenya hapo. Ukigawanya kani ya mgusano kwa ugumu wa metali unapata makadirio ya eneo halisi linalogusana. Kwa kani ya nyutoni chache na metali za shaba, eneo hilo halifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita moja ya mraba, hata kama pini yenyewe ni pana kama ya plagi yetu ya kawaida, ambayo pini zake mbili ndogo zina upana wa milimita 6.35 na unene wa milimita 3.97. Kani ikipungua, vilele vinavyogusana hupungua na ukinzani hupanda. Kwa mkondo wa ampea 13, mgusano wenye ukinzani wa miliomu 1 (sehemu moja ya elfu ya omu) huzalisha joto la wati 0.17 tu, kiasi ambacho hakuna atakayekihisi. Mgusano huohuo ukifika miliomu 50 huzalisha zaidi ya wati 8 ndani ya kisanduku kidogo kilichofukiwa ukutani. Joto hilo huzidi kulegeza springi inayobana pini, springi iliyolegea huongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto; soketi nyingi zilizoungua mtakazoletewa zilikufa kwa mzunguko huo, wala si kwa sababu ya umeme mwingi kama wateja wanavyodhani.

Kwa hiyo jifunzeni kukokotoa springi kabla ya kujifunza programu yoyote ya kuchora. Ulimi wa metali ulioshikwa upande mmoja na kusukumwa upande wa pili hutoa kani inayolingana na upana wake, umbali unaosukumwa, na kipeo cha tatu cha unene wake, na kani hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Chukueni ulimi wa bronzi ya fosforasi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati wenye fosforasi kidogo, wenye unene wa milimita 0.4, upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 10, unaosukumwa nusu milimita. Kwa moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi metali inavyokataa kupindika) ya gigapaskali 110, kani yake ni takribani nyutoni 3.5. Sasa mnunuzi wa malighafi akileta utepe wa milimita 0.36 kwa sababu ndio uliopatikana na bei yake ni nafuu, unene umepungua kwa asilimia 10 lakini kani imeshuka hadi nyutoni 2.6, yaani zaidi ya robo imepotea, na hakuna mtu atakayeiona tofauti hiyo kwa macho. Ndiyo maana sitaki kijana mpya akae stoo ya malighafi bila maikromita, kile kifaa cha kupima unene mdogo sana, mfukoni. Kalipa haitoshi kwa kazi hii, hata iwe ya kidijitali.

Katika kuchagua metali, wengi hukimbilia brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa sababu inakatika vizuri, inapindika vizuri na inapatikana. Inafaa kwa pini na kwa mwili wa terminali ya skrubu. Kwa ulimi wa springi ina tatizo kubwa: ikikaa muda mrefu katika joto linalokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, polepole husahau umbo ililopinda nalo, na kani huisha bila chochote kuvunjika. Bronzi ya fosforasi hustahimili zaidi, ingawa hupitisha umeme kwa takribani asilimia 15 tu ya shaba safi, wakati brasi hupitisha kama robo. Shaba yenye berili ni bora kuliko zote mbili kwa springi, lakini bei yake ni kali, na vumbi lake likisagwa huharibu mapafu, hivyo karakana isiyo na mfumo wa kunyonya vumbi isiiguse. Kuna njia ya kati ambayo naipenda: mwili wa shaba au brasi unaobeba mkondo, na nyuma yake springi ya chuma inayofanya kazi ya kubana peke yake. Inahitaji kipande kimoja zaidi na mkono mmoja zaidi wa kuunganisha, lakini kila metali inafanya inachokijua.

Brasi ina adui mwingine ambaye katika mikoa yetu hana budi kutajwa, naye ni amonia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya brasi yakipasuka yenyewe wakati wa mvua za masika yalipohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na uchunguzi ulionyesha kwamba amonia, unyevu na mkazo uliobaki ndani ya metali baada ya kuumbwa vilishirikiana kuipasua. Mabanda ya kuku yaliyoenea pembezoni mwa Arusha na Moshi yana amonia na unyevu huo, na mkazo huja na kipande chenyewe. Mteja akisema terminali zitafungwa bandani, pendekezeni bronzi, au pashieni vipande vya brasi moto wa nyuzi 260 hivi kwa saa moja baada ya kuvipinda ili mkazo utoke, kisha vipakwe nikeli au bati pande zote. Nasisitiza pande zote, kwa kuwa utepe uliopakwa kabla ya kukatwa huacha kingo zikiwa wazi, na ufa huanzia hapo.

Kuhusu kazi ya dai, yaani kifaa cha chuma ambamo presi hukata na kupinda utepe, sitasema mengi, kwa sababu hujifunzwa kwa kusimama kando ya mashine ya presi, si kwa kusoma. Zingatieni tu kwamba utepe una mwelekeo wa chembe uliotokana na kuviringishwa kiwandani, na ulimi unaopindwa kwa mkunjo ulio sambamba na mwelekeo huo hupasuka kwa nje upesi kuliko ule ambao mkunjo wake unaukata mwelekeo. Amueni pia mapema upande gani wa kipande utabaki na ukingo mkali unaoachwa na kikatio, na hakikisheni si upande unaosugua pini, maana ukingo huo utakwangua bati lote ndani ya wiki chache. Nafasi kati ya kikatio na dai ikiwa kama asilimia 5 hadi 10 ya unene kila upande, ukingo huwa mdogo; ukianza kukua, dai limechakaa na linoe kabla hujakata hata kipande kimoja zaidi.

Hapa Arusha somo la mipako hujifunzwa vizuri zaidi kwenye magari ya watalii. Magari haya hubeba friji, redio, chaja na betri ya pili, na hupita barabara za changarawe zenye mawimbi kuelekea Serengeti, zikiyatikisa kwa saa nyingi mfululizo. Mtikisiko huo husogeza pini ndani ya soketi kwa mikromita chache tu, kwenda na kurudi, mara nyingi mno. Bati ni laini, na juu yake kuna oksidi nyembamba iliyo ngumu. Kila msogeo huvunja oksidi, hufunua bati jipya, nalo hupata oksidi tena, hadi pale pa mgusano panajaa unga mweusi usiopitisha umeme vizuri. Dereva ataona taa inawaka na kuzima, fundi atachomoa na kuchomeka tena, itawaka, naye atasema amerekebisha. Msimu ujao gari linarudi na tatizo lilelile.

Tiba yake huanza kwenye kani, kwa kuwa mgusano uliobanwa vya kutosha hausogei kabisa. Mwongozo wa kawaida kwa bati ni kani isiyopungua takribani nyutoni 1 kwa kila mgusano, na kwa magari ningeenda juu zaidi ya hapo. Pili, kebo ishikwe na kibanio karibu na ganda ili mtikisiko wake usifike kwenye pini. Tatu, grisi inayofaa kwa migusano huzuia hewa kufika pale panaposuguliwa. Dhahabu haipati oksidi, na kwa saketi za mkondo mdogo kama za vihisi ndiyo jibu sahihi, ikiwekwa juu ya tabaka la nikeli linalozuia metali ya chini isipenye kuja juu. Lakini msioanishe pini ya dhahabu na soketi ya bati, maana bati huhamia juu ya dhahabu na kuoksidika hapo, nanyi mtakuwa mmelipia dhahabu mkapata tabia ya bati.

Plastiki ya ganda nayo ina sheria moja ambayo ningependa muishike kuliko zote: kani ya mgusano isipite katika plastiki. Nailoni na nyingine za jamii yake huendelea kutiririka polepole zikibanwa, hasa zikiwa na joto, kwa hiyo skrubu inayobana waya kwa kuegemea plastiki italegea hata ikiwa fundi aliikaza ipasavyo. Skrubu ibane metali juu ya metali, na ganda libaki na kazi ya kuhami, kushika na kuzuia vidole.

Nailoni 66 hunywa maji, na ikishiba kabisa hufikia karibu asilimia 8.5 ya uzito wake. Wakati wa masika chembe za nailoni zilizoachwa kwenye mfuko wazi zitaingia kwenye mashine zikiwa na unyevu, na kipande kitatoka kwenye kalibu kikiwa na michirizi ya fedha na nguvu ndogo. Zikausheni kabla ya kuzitumia. Kumbukeni vilevile kwamba kipande kikavu kilichotoka sasa hivi kwenye kalibu ni chepesi kuvunjika na kitakua kidogo kinaponywa unyevu wa hewani, kwa hiyo vipimo vya siku ya kwanza si vipimo vya mwezi ujao.

Wanaosanifu vifaa vya hoteli zilizo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro wakumbuke mwinuko. Nafasi za hewa kati ya metali zinazotolewa na viwango vya kimataifa huhesabiwa hadi mita 2,000, na ukingo huo uko juu ya mita 2,200. Hewa nyepesi huhami kidogo na hupooza kidogo. Kufikia mita 3,000 nafasi huzidishwa kwa 1.14. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hamna haja ya kuhangaika.

Kiungo cha waya na lagi ndicho kinachoharibiwa zaidi na kazi ya haraka. Lagi inayobanwa ipasavyo hugeuza nyuzi za waya na pipa la lagi kuwa kitu kimoja kisicho na matundu ya hewa, na hilo hutegemea koleo lenye taya za ukubwa uleule, wala si nyundo na patasi. Kateni lagi moja katikati, ing'arisheni kwa msasa laini na mziangalie nyuzi kwa lenzi: zikiwa bado za mviringo, mmebana kidogo; zikiwa zimekatika pembeni, mmezidisha. Kisha vuteni nyingine kwa mizani, ambapo waya wa milimita 1.5 za mraba unatakiwa kuhimili angalau nyutoni 150. Msipake risasi ya kulehemu kwenye nyuzi zitakazobanwa na skrubu, kwa kuwa risasi hiyo hutiririka chini ya mgandamizo na kuacha waya ukicheza. Alumini ina mambo yake: hupata oksidi papo hapo ikikwanguliwa, hutanuka kwa joto kuliko shaba, na ikigusana na shaba penye unyevu huliwa. Tumieni lagi zenye metali mbili na grisi yake.

Katika kupima, maltimita ya kawaida haitawasaidia, kwa kuwa waya zake pekee zina ukinzani mkubwa kuliko mgusano mnaoutafuta. Pitisheni mkondo unaojulikana, tuseme ampea 10, kwa waya mbili, kisha mpime volti kwa waya nyingine mbili zilizogusa karibu kabisa na mgusano; milivolti 10 ni miliomu 1. Pimeni kipande kikiwa kipya, mkipashe joto kwa siku kadhaa, mkipime tena. Namba ya pili ndiyo ninayoiuliza.

Mkiletewa soketi iliyoungua, msiitupe kabla ya kuisoma. Weusi ukianzia pale waya unapoingia kwenye terminali, tafuteni skrubu iliyolegea au lagi iliyobanwa vibaya. Ukianzia pale pini inapoingia, toeni ndimi mzipime pengo lake mkilinganisha na mchoro. Pengo lililopanuka ni springi iliyochoka. Plastiki ikiwa imeyeyuka huku metali ikiwa bado inang'aa, joto limekuja kutoka nje, na mara nyingi ni plagi ya mteja, ambayo nayo muiombe aje nayo.