Nalala kwa marafiki: je, nami nahesabiwa kuwa sina makazi?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 19. Tangu nilipokosana na baba wa kambo nimekuwa nikilala kwa marafiki, wiki huku, wiki kule, na mwenyeji wangu wa sasa ameniomba niondoke ifikapo mwisho wa mwezi. Sijawahi kulala barabarani, kwa hiyo naona haya kuomba msaada waliowekewa wenye shida kuliko mimi. Je, huduma hizo zinanihusu?

JIBU: Zinakuhusu, na ni heri uende sasa, ungali na mahali pa kulala. Kulala nje ni sura moja tu ya kukosa makazi, ile inayoonekana kwa urahisi. Mwaka 2005 FEANTSA, shirikisho la Ulaya la mashirika yanayowahudumia wasio na makazi, lilitoa mfumo wa uainishaji uitwao ETHOS, ambao unamhesabu pia mtu anayehifadhiwa kwa muda na ndugu au rafiki kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Utakapofika ofisi ya ustawi wa jamii au shirika la vijana, tarajia kuhojiwa: umekuwa ukilala wapi, una kipato gani, unatumia dawa zozote, na je, kuna mtu unayemwogopa. Maswali hayo hukera, hasa kila afisa anapoyarudia upya, lakini ndiyo yanayoamua kama utapewa kitanda cha dharura, chumba cha muda chenye msimamizi, msaada wa kodi, au msuluhishi wa kuzungumza na wazazi wako. Usuluhishi hufaa penye kutoelewana. Ikiwa ulipigwa, ulitishwa au ulinajisiwa, liseme hilo mapema, kwani hapo haifai mtu yeyote kukushawishi urudi nyumbani.

Katika nchi nyingi wewe ni mtu mzima kisheria, hivyo dai uulizwe kabla habari zako hazijapelekwa kwa familia. Angekuwa mdogo wako wa miaka 15, mambo yangekuwa mengine: kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinaitaka serikali imlinde na kumpatia malezi mbadala mtoto aliyekosa mazingira ya familia yake.

Baadhi ya hosteli humtaka kijana athibitishe kwanza kuwa ametulia ndipo apewe chumba, utaratibu ambao mimi siuungi mkono, kwa sababu ni vigumu kutulia bila mahali pa kutulia. Pathways to Housing, programu ya kuwasaidia wasio na makazi iliyoanzishwa New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis, ilitoa makazi kwanza; matibabu na ushauri vikafuata kwa hiari ya mhusika. Ufini nayo ikaanza kuitekeleza njia hiyo kitaifa mwaka 2008. Kwa kijana, hata hivyo, ufunguo peke yake hautoshi. Uliza kama utapata mtu mmoja wa kukufuatilia, atakayekusaidia kuuelewa mkataba wa upangaji, kupanga matumizi na kuendelea na masomo au kazi, na uliza pia atakuwa nawe kwa muda gani.

Kwa sasa, mwombe mwenyeji wako barua fupi yenye tarehe inayoeleza kwamba hataweza kuendelea kukuhifadhi, kisha uiweke pamoja na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Na akitokea mtu wa kukupa chumba kwa sharti la ngono au la kumfanyia kazi bila malipo, mweleze afisa anayekuhudumia, hata kama umekwisha kukubali.