Maswali yenu: Ndege akiongezeka, nani wa kusema amepona?

Barua za mwezi huu zimezunguka jambo moja: ndege aliyekuwa hatarini akianza kuonekana kwa wingi, aondolewe kwenye orodha ya wanaolindwa? Na sisi raia tuna sauti gani hapo?

Nasikia Marekani wanataka kumtoa korongo wa miti kwenye orodha yao na wanapokea maoni ya umma. Mimi Mkenya naweza kutuma yangu? (Msomaji, Ahero)

Ungeweza, hawaulizi uraia. Ila nafasi hiyo ilifunguliwa Februari 2023 kwa siku 60, ikafungwa. Korongo huyo aliorodheshwa 1984, akashushwa daraja la hatari 2014, na lilipotoka pendekezo la kumwondoa, jozi zinazotaga zilikuwa zimefika 10,000 au zaidi. Wewe wa Ahero unaye jamaa yake wa karibu, korongo mdomo-njano, anavua samaki katika mashamba yenu ya mpunga. Umewahi kuandika popote unawaona wangapi?

Kwa nini ndege aliyepona aondolewe? Si alindwe tu daima? (Kakamega)

Aondolewe. Fedha ni kidogo, watu wa kazi ni wachache, na kila anayebaki orodhani bila haja anamlia fungu yule anayekwisha kweli. Ninachokataa ni kuhesabu vichwa na kutangaza ushindi. Ndege amepona pale kilichokuwa kikimmaliza kimeondoka, na hakitarudi siku ulinzi ukilegezwa.

Chukua tai mwenye kichwa cheupe wa Marekani. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu katika majimbo 48 ya bara. Sumu ya DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikuwa imefanya maganda ya mayai kuwa membamba, yanapasuka mama akiyaatamia. DDT ikapigwa marufuku huko 1972, na tai alipotolewa orodhani 2007 jozi zilikaribia 9,800. Sumu ilitangulia kuondoka, karatasi ikafuata. Hata baada ya hapo, sheria yao inataka ndege aliyetolewa afuatiliwe kwa miaka isiyopungua mitano, na tai huyu bado ana sheria yake ya mwaka 1940.

Sasa njoo karibu na kwetu, Mauritius. Mwaka 1974 kozi wa kisiwa hicho walijulikana wanne tu porini. Wataalamu wakawazalisha, wakawalisha, wakawatundikia masanduku ya viota. Mwaka 1994 wakashushwa daraja la hatari katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, na shughuli kubwa ikasitishwa. Msitu wao wa asili haukuwa umerudi. Mwaka 2014 kozi huyo akarudishwa daraja la walio hatarini. Kila anayeniandikia "idadi imepanda, tatizo liko wapi?" amsome kozi huyu kwanza.

Akitolewa orodhani naweza kumwinda? (Homa Bay)

Hapana. Hata huko Marekani, korongo wa miti akitolewa analindwa bado na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918.

Huku kwetu korongo taji ni wengi hadi wanang'oa mahindi yaliyochipuka. Mbona mnasema wako hatarini? (Trans Nzoia)

Swali hili huletwa kila msimu wa kupanda, na kila mara mwandishi hakuhesabu kifaranga hata mmoja.

Korongo taji huishi miaka mingi, hata zaidi ya 20. Kundi unaloliona shambani laweza kuwa la wakubwa watupu, wasio na kiota. Jozi inayotaga haikai kwenye kundi. Hukaa peke yake kwenye kinamasi, mayai mawili au matatu, na hukitaka kinamasi hicho kiwe na maji na majani marefu. Ukikifyeka upande sukumawiki, wazazi wataendelea kuonekana miaka mingi huku uzao ukikatika. Kinamasi kikiisha, makundi husongamana mahali pachache, na macho yetu yanatudanganya kuwa wameongezeka.

IUCN iliwapandisha daraja la hatari mwaka 2012, na sababu zake ziko mlangoni kwako: vinamasi kukaushwa, mbegu zenye sumu, nyaya za umeme, na vifaranga kuuzwa. Hasara ya mahindi naijua, ni kweli. Walinzi wa shamba kwa zile wiki chache za kuchipua watasaidia. Sumu usiitumie: itaua korongo, kuku wa jirani na mbwa wako, na ni kosa la jinai.

Heroe wamerudi Ziwa Nakuru. Nao waondolewe? (Nakuru)

Heroe huhamahama kati ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria wakifuata chakula, na kuzaana kwao hutegemea Ziwa Natron, Tanzania. Kuwaona si kupona.

Kenya nani huamua, na nikiitwa kutoa maoni niseme nini? (Kisumu)

Msichanganye orodha. Ya IUCN ni tathmini ya wataalamu, si sheria. Ya CITES, mkataba wa kimataifa, inahusu biashara ya wanyama na mimea pori ya kuvuka mipaka. Inayokufunga wewe mahakamani ni Sheria ya Wanyamapori ya 2013, jedwali lake la sita. Katiba, vifungu vya 10 na 69, inataka ushiriki wa umma, kwa hiyo una haki ya kuitwa na kusikilizwa.

Ukiitwa, usiandike "naunga mkono" ukaondoka. Andika mahali, tarehe, idadi ya wakubwa, idadi ya vifaranga, na kinamasi kilikuwaje miaka mitano iliyopita na kikoje leo. Sentensi tatu kama hizo zina uzito kuliko sahihi mia zilizonakiliwa. Na mkumbushe mwenye kikao kwamba mvunaji wa mafunjo wa Dunga, huko ufukweni mwa Ziwa Victoria, hawezi kuacha kazi asubuhi kwenda ukumbi wa hoteli mjini. Kikao kiende ufukweni. Nimeona kumbi zikijazwa watu waliolipwa nauli, wasiomjua hata ndege anayezungumziwa, na hayo yakaitwa maoni ya wananchi.

Nimepata kifaranga wa korongo taji, chifu amenikubalia nimfuge. Nimlishe nini? (Bungoma)

Chifu hana mamlaka hayo. Mpeleke leo ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ya kaunti yako, uwaonyeshe mahali hasa ulipomtoa, maana wazazi wake huenda bado wako pale.