Kabla hujabandika vigae juu ya boksi la mabomba ya moto

Mara ya kwanza nilipofunika mabomba bafuni nilijiona fundi kweli. Yalikuwa mawili ya shaba, yanapanda ukutani kwenda kwenye vipasha joto vya ghorofani, na yalikuwa yananikera. Nikayajengea boksi la plaiwudi ya milimita 9, nikabandika vigae, nikajaza grauti (ile saruji laini ya kuziba mianya ya vigae) kila upenyo. Baridi ilipoanza na mfumo wa kupasha joto ukawashwa, usiku nikawa nasikia tik, tik, tik nyuma ya vigae. Wiki chache baadaye ufa mwembamba kama unywele ukawa umeshuka kona nzima, pale boksi linapokutana na ukuta.

Vigae havikuwa na kosa. Shaba ikipata moto hurefuka: bomba la mita 3 likitoka nyuzi 15 hadi 65 huongezeka takriban milimita 2.5, na likipoa hurudi. Bomba la plastiki ndilo balaa zaidi, hurefuka mara kadhaa ya hapo. Mimi nilikuwa nimelibana boksi mpaka mbao zikagusa bomba, kwa hiyo kila bomba lilipojinyoosha lilikwaruza fremu.

Siku hizi naacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka mabomba, nayavisha sponji, na tundu linapopita sakafuni nalitoboa pana kuliko bomba. Fremu iwe ya mbao kavu, iliyokazwa ukutani sawasawa. Juu yake weka ubao wa simenti wa milimita 12 au plaiwudi ya 18, skrubu kila sentimita 20 hivi. Kisha lisukume boksi kwa kiganja. Likinesa hata kidogo, ongeza mbao kwanza, maana kigae hakijui kunesa. MDF ya kawaida (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) usiilete bafuni, ikinywa maji inafura.

Vipimo vya boksi navitoa kwenye kigae chenyewe. La pili nililipanua sentimita 2 tu ili uso wa mbele ubebe kigae kizima. Vipande vilivyokatwa nikavificha ubavuni, kwenye kona ya ukuta. Gundi iwe ile inayonyumbulika, kwenye mfuko wake huwa imeandikwa S1. Na kona zote za ndani, boksi na ukuta, boksi na sakafu, usijaze grauti. Weka silikoni ya rangi ileile. Hapo ndipo ufa wangu ulipoanzia.

Kama ndani kuna valvu, acha mlango. Kigae kimoja kilichoshikwa kwa sumaku, au kwa matone manne ya silikoni na kuzungushiwa silikoni badala ya grauti, kinatosha. Najua watu wanaona kinaharibu sura. Mimi nimevunja vigae sita kwa nyundo nikitafuta koki, sibishani tena na mtu.

Lililobaki ni kupima kabla ya kufunga. Washa mfumo mpaka upate moto kamili, uzime upoe, urudie, halafu papasa kila kiungo kwa karatasi kavu ya chooni. Macho hayaoni unyevu mdogo, karatasi inauona. Kwenye boksi la pili ilitoka na doa dogo kama punje ya mtama, kiungo cha chini kabisa. Nikakaza nati robo mzunguko, vigae vikasubiri siku mbili zaidi.